Alizeti za Mke Mkubwa

6 Januari

Hapana, Bibi, hakuokota udongo wako kwa dharau! Nabishana na wewe kichwani tangu basi lilipoondoka, ukatupungia mkono mmoja tu, mwingine umeushika kiunoni. Yule mwanamume akiona udongo ni kama watu wengine wakiona mtoto mchanga: lazima aushike, aunuse, aulize umetoka kwa nani. Hata ungetupa kiwanja cha ikulu angeinama tu na kijiko chake na kile kimfuko.

Ona sasa, nimeanza bila salamu, utasema ndoa imenivua adabu. Shikamoo, Bibi yangu. Miguu inaendeleaje? Yule paka mwizi bado anaonja mboga kabla yako? Sisi huku ni wazima, wazima mpaka majirani wanatuchoka. Tumepata vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Asubuhi cherehani zote zikianza kwa pamoja, kitanda kinatetemeka na vikombe vinacheza kabatini, na mume wangu (mume wangu! leo nimelitamka hilo neno mpaka ulimi umepata raha) ananiambia, "Amka, nyumba imefurahi." Niambie, nani asiyeamka akiamshwa hivyo?

Sasa jambo lenyewe, nalo naomba ulisome ukiwa umekaa.

Ulipotuita nyuma ya nyumba yako baada ya harusi ukasema, "Hiki kiwanja ni chenu, jengeni hapa, nisikie kelele zenu kabla sijawa kiziwi kabisa," nililia, uliniona. Lakini mwenzangu alikuwa ameona kitu kingine: vipande vya masanduku ya betri vilivyochomoza ardhini. Akakumbuka ulivyosema kwamba pale palikuwa na mpangaji, fundi betri. Basi udongo ule ameupima kazini kwake. Bibi, una madini ya risasi, na ni mengi. Fundi alikuwa akipasua betri kuukuu, anamwaga maji yake palepale na kuyeyusha risasi kwenye karai. Yeye amehama, risasi haikuhama. Haionekani wala hainuki. Mtu mzima akipita inaweza isimfanye kitu, lakini mtoto mdogo akitambaa pale kisha akatia vidole mdomoni, inamwingia mwilini na kumdumaza akili.

Kwa hiyo hatuwezi kujenga, kwa sasa.

Usikunje barua bado! Kuna dawa, na dawa yenyewe ni nzuri mpaka nilipiga makofi. Ni maua! Alizeti! Mizizi yake inanyonya risasi kutoka ardhini pamoja na maji, nyingine inabaki mizizini, nyingine inapanda kwenye shina na majani. Halafu mmea mzima unang'olewa na kupelekwa mbali, na udongo unabaki na sumu pungufu. Unapanda tena, unang'oa tena. Nilimwambia, "Kumbe na mimi ni alizeti, kila neno lako nalinyonya." Akacheka mpaka akamwaga chai kwenye shati.

Mjomba anakuletea mbegu kwenye lori lake pamoja na barua hii. Zipande, Bibi, tafadhali. Na usimkasirikie mume wangu. Amelala hapa na udongo kwenye kucha, mzuri kama nini.

Mjukuu wako,
mke wa Bwana Udongo


24 Januari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mguu unauma ule wa zamani, ule mwingine unasubiri zamu yake. Paka hajambo, amenenepa, na mimi nimekonda, jumlisha mwenyewe. Barua yako imefika na duara la kikombe cha chai juu yake, maana mjomba wako aliifanya kisahani njia nzima. Nilimzaa mimi mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu.

Nashukuru unaniandikia. Simu sitaki. Nikipiga simu inabidi nipige kelele, na mtaa wote unajua mambo yangu kabla yako wewe.

Habari ya udongo nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Kwa hiyo zawadi yangu ni sumu. Nimempa mjukuu wangu sumu, nikaifunga na utepe mwekundu. Haya. Mwambie mume wetu nilimkasirikia, kisha nikachoka, maana kumkasirikia mtu aliye mbali ni kazi ya bure, haoni uso wako. Lakini mwanamume anayepima zawadi kabla ya kusema asante, huyo siku akipewa busu ataomba kijiko. Tutakaa naye hivyohivyo, mimi na wewe. Mimi mke mkubwa, nina uvumilivu.

Mbegu nimepanda. Nilivaa viatu vya mvua vya babu yako na kufunga kitambaa puani kama mume wetu alivyoagiza kwa mdomo wa mjomba wako. Jirani muuza mkaa akanichungulia juu ya ukuta: "Mama, unakwenda kuvunja benki?" Nikamwambia, "Benki wapi, nakwenda kunyonyesha maua." Akatikisa kichwa akaondoka. Sasa ameshatangaza kwamba nimeanza kuchanganyikiwa, na watu wanakuja kuniangalia. Kumbe ningechanganyikiwa zamani!

Nina swali moja na sitaki jibu la kuzunguka mbuyu. Hayo maua yakishanyonya, mnakuja lini? Chumba cha mbele ni kitupu. Nimekipaka chokaa. Sikwambii kwa sababu yoyote, nakwambia tu kwamba kimepakwa.

Mimi, mke mkubwa


19 Februari

Bibi yangu, ua la kwanza kabisa,

Shikamoo. Tumesoma barua yako kwa sauti, na fundi cherehani wa chini akasimamisha mashine asikilize. Mahali pa busu na kijiko mume wetu aliona haya mpaka masikio, akasema, "Mwambie mke mkubwa nitajirekebisha." Kisha akaja na kijiko. Sitakueleza zaidi.

Mama anakusalimia. Kaka amepata kazi kwenye ghala, analalamika kama vile kapelekwa jela. Mimi nipo nipo. Tumbo linanisumbua kidogo, nadhani ni maji ya huku. Chai nimeiacha, na harufu ya mafuta ya cherehani asubuhi siiwezi, nakimbilia dirishani kama mwizi. Itapita. Usianze kunitumia majani.

Bibi, ungemwona kazini kwake! Alinipeleka Jumamosi. Ni chumba kirefu chenye rafu hadi darini, na kwenye rafu ni trei za udongo, kila trei na kikaratasi chake: shamba la fulani, nyuma ya karakana, kando ya mtaro. Mwekundu, mweusi, wa kijivu. Na pale kwenye kona kuna chungu kidogo cha alizeti, na kikaratasi chake kimeandikwa MKE WANGU. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa sababu bosi wake alikuwepo. Yaani mtu anakupenda mpaka anakuandikia lebo!

Sasa sikiliza maagizo, ameniandikisha kama mwanafunzi.

Usiweke majivu wala chokaa kwenye ile bustani. Najua unavyopenda majivu. Majivu yanaufanya udongo uishike risasi, na alizeti zinapendeza tu lakini hazinyonyi kitu, zinasimama pale kama wageni rasmi. Maua yakichanua vizuri, ng'oa kila kitu, mizizi yote, kabla mbegu hazijakomaa. Zianike juu ya turubai, kisha tia kwenye magunia. Asile mbuzi, asile kuku, shina lisiwe kuni. Mjomba atayaleta magunia kwenye lori na huku yatachomwa kwenye tanuri maalumu, majivu yake yafungiwe. Ukiziacha zikauka zenyewe, majani yanaanguka chini na sumu inarudi nyumbani kwake, tumecheza ngoma ya bure.

Ulituuliza tunakuja lini. Mume wetu anasema kuusafisha udongo ni kazi ya miaka, si miezi. Lazima tupande na kung'oa tena na tena. Lakini hiyo ya chumba kilichopakwa chokaa, nimeisikia. Nimeisikia vizuri sana. Kuna mambo tutayaongea uso kwa uso.

Mke mdogo, mwenye lebo


28 Machi

Mke mwenye lebo,

Marahaba, na pole kwa maji ya huko. Maji gani hayo yanayochagua asubuhi tu? Haya, sijauliza.

Majivu nilikuwa nimeshaweka karai moja kabla barua yako haijafika. Nimeyakwangua yote. Mwambie asinune.

Sasa ngoja nikuambie. Zimechanua! Nilipanda sumu, limeota jua. Zimenipita kimo, zimempita mjomba wako, na vichwa vyake ni vikubwa kama sinia. Asubuhi nikifungua mlango wa nyuma zote zinanitazama kama darasa la kwanza nililokuwa nikilifundisha, nami nasema, "Kaeni," hazikai. Watoto wakorofi.

Halafu yule mpiga picha wa barabarani, mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka, alipita akaona vichwa vinachungulia ukutani. Akabisha hodi. "Mama, nina maharusi kesho, wamechoka kupigwa picha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Naomba hapa kwako." Nikamwambia waje, ila wasiguse kitu, wavue viatu wakitoka, wanawe mikono. Bibi harusi akaja na gauni refu kama barabara. Nikaufunga mkia wake kwenye mfuko wa nailoni usiburute. Nikamwambia, "Inua kidevu, na wewe bwana harusi, mwangalie mkeo, usiiangalie kamera, haitakupikia." Wakacheka, picha ikatoka nzuri.

Tangu siku hiyo hawakatiki. Jumamosi maharusi, Jumapili waliohitimu, siku za kati wachumba wanaosema wamepita njia tu. Mpiga picha ameleta benchi, amelipaka rangi ya bluu. Wakisubiri zamu wanakaa na mimi. Wananihadithia walivyokutana. Mmoja alikutana na mchumba wake kwenye foleni ya kung'oa jino, hebu fikiria, wamevimba mashavu wote wawili na bado wakapendana.

Tangu babu yako aondoke, Jumapili za nyumba hii zilikuwa za mimi na paka. Sasa sina hata muda wa kusinzia.

Basi, ni hayo tu. Wasalimie.

Mke mkubwa, msimamizi wa maharusi


8 Aprili

Bibi, Bibi, Bibi,

Shikamoo! Nimecheka hiyo ya mashavu mpaka mbavu zimeuma. Nimemsomea mume wetu, akasema na yeye angenipenda hata ningevimba uso mzima. Nikamwambia thibitisha, akanibusu shavu moja baada ya jingine kama anapima. Hatuponi, Bibi, tumeshikwa.

Mama na kaka wanaendelea vizuri. Kaka sasa anaipenda kazi, kuna msichana anayepokea mizigo.

Ila umesema habari za benchi, za gauni, za kidevu. Sijaona mahali uliposema unang'oa lini.

Mume wetu amehesabu siku tangu upande, na uso wake umebadilika. Anasema ndiyo wakati wenyewe, sasa hivi, mbegu hazijakaza. Zikikaza ndege watakuja, kuku wa jirani watakuja, mtoto wa maharusi fulani ataokota mbegu na kutafuna. Nywele zilinisimama niliposikia hilo. Tafadhali, Bibi. Najua ni nzuri. Lakini hazikupandwa ziwe nzuri, zimekosea tu.

Anaomba pia umpe mjomba mifuko miwili ya udongo, mmoja wa pale nyuma na mmoja wa mbele ya nyumba, pale kwenye nyanya zako. Wa mbele ana sababu yake. Usiniulize.

Ng'oa, mke mwenzangu. Nakubusu mikono.

Mke mdogo


14 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mvua imenyesha. Paka amezaa, kumbe alikuwa jike miaka yote hii.

Mifuko miwili ya udongo nimempa mjomba wako.

Kuhusu lile jambo jingine, miwani yangu imepata ufa, mistari ya katikati ya barua yako sikuiona vizuri.

Wasalimie wote.

Mke mkubwa


23 Aprili

Bibi yangu mwenye miwani ya ajabu,

Shikamoo. Hongera ya paka. Nimeandika kwa herufi kubwa ili ufa usipate kisingizio.

MJOMBA AMETUAMBIA ZIMESIMAMA ZOTE. Anasema hata yeye amepigwa picha, ameegemea shina moja na miwani ya jua, anatafuta mke kwa picha hiyo. Anasema kuna foleni mpaka kwa muuza mkaa, na kwamba ulipoulizwa kuhusu kung'oa ulijifanya husikii, na siku hiyohiyo ulimsikia paka akifungua kabati jikoni.

Mume wetu hajakasirika, yeye hajui kukasirika, anakuna tu udongo kwenye kucha. Amesema, "Nikimlazimisha, atabaki na uwanja mtupu na sisi tuko mbali. Ningekuwa mimi, ningeng'oa?" Nilimpenda zaidi hapo, na pia nilitaka kumrushia mto, kwa sababu alizeti bado zimesimama!

Basi nikafikiri, Bibi, nikiwa nafua. Kwa nini zote ziwe za rika moja? Panda kwa mistari. Mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki chache, mwingine baadaye. Mmoja ukichanua unapigiwa picha, kisha unang'olewa, na wa nyuma yake unakuwa tayari unavaa. Hapatakuwa na siku bila ua, na kila baada ya muda gunia la sumu linaondoka. Nilimkimbilia mwenzangu na sabuni mikononi nikamwambia. Akaniinua juu! Akaniteremsha haraka sana, taratibu kama yai, lakini aliniinua. Anasema itafanya kazi. Ila lazima hizi za kwanza zing'oke zote, maana zimechanua kwa pamoja.

Sasa jambo dogo, la siri, usimwambie.

Mifuko yako ilifika siku ya mvua. Niliiweka juu ya meza, nikafungua mmoja nione rangi tu. Ile harufu, Bibi! Udongo wenye unyevunyevu, wa nyumbani, wa ukuta ukirushiwa maji. Mate yalinijaa mdomoni. Sijui nini kilinipata, nilijikuta kidole kiko ndani ya mfuko, kisha kidole kiko karibu na mdomo. Karibu kabisa. Mlango ukafunguka. "Una nini hapo?" "Sina kitu." "Mbona una udongo kwenye kidevu?" "Sina kidevu." Bibi, alinishika akanipeleka bombani akaniosha mdomo kwa sabuni kama mtoto wa chekechea. Nilicheka, yeye hakucheka. Fundi cherehani aligonga dari kwa fimbo kuuliza kuna nini.

Na hamu haijaisha. Naiota. Kwa hiyo naomba, kimyakimya: unakumbuka ule udongo mweupe wa kule wanakofyatua matofali, tuliokuwa tukichezea utotoni? Nifungie kipande kidogo kwenye kitambaa, mpe mjomba. Kipande tu. Nahisi nikiupata nitatulia.

Na ng'oa, Bibi. Naomba kama sijawahi kukuomba kitu.

Mke mdogo


2 Mei

Mjukuu wangu,

Leo si mke mwenza. Leo ni mjukuu, kaa kitako.

Umeomba udongo.

Nilizaa watoto wanne, na kila mmoja nilimlia ukuta. Babu yako alikuwa akirudi anakuta pembe ya jiko imepungua anasema panya. Mama yako nilimtafunia nusu ya banda la kuku. Hakuna mwanamke anayeota udongo kwa sababu ya maji ya huko. Mngojee uso kwa uso, eti! Mmenificha mimi? Mimi?

Nilisoma barua yako asubuhi mlango wa nyuma ukiwa wazi. Alizeti zote zinanitazama. Nikazitazama na mimi. Nikaona kidole chako kidogo cha utotoni, kile ulichokuwa unakitia katika kila kitu, kwenye sukari, kwenye puto, kwenye sikio la mbwa. Kisha nikaona kidole kingine, kidogo zaidi, ambacho sijakiona bado. Nikavaa viatu vya mvua na glavu.

Mpiga picha alikuwa ameshafika na maharusi wake. Nikawaambia, "Pigeni haraka, naanzia nyuma." Akasema, "Mama, unafanya nini?" Nikasema, "Nasafisha uwanja wa mtu." Akavua kofia yake, mara ya kwanza namwona kichwa, ana kipara kizuri tu. "Mama, mbona maua ya watu!" Nikamwambia, "Ya watu wapi, nenda kaitunze kamera yako." Ile mizizi imeshika, mwanangu, imeshika kama imelipwa. Mguu wa zamani ukaniambia acha. Mguu mpya ukasema endelea. Nikiwa nimeinama nikaona glavu nyingine pembeni yangu. Bwana harusi! Amevua koti, suruali amekunja magotini. Bibi harusi akamwambia, "Ukichafua hilo shati tutaoana bila shati," kisha akaja na yeye na gauni limefungwa kwenye nailoni zangu. Muuza mkaa akaleta magunia mapya. Mpiga picha akasimama akitulaani kidogo, kisha akatandaza turubai.

Zimeng'oka zote. Nilichunguza vichwa kimoja kimoja, mbegu zilikuwa bado laini, maziwa matupu. Zimeanikwa, zitatiwa kwenye magunia, mjomba wako atazileta. Mikono tumenawa wote mpaka tukachubuka.

Jioni nilifungua mlango wa nyuma, hapakuwa na kitu cha kunitazama. Sitakudanganya, nilifunga mlango upesi. Lakini baadaye wale maharusi wakarudi wamevaa nguo za kawaida, wakakaa kwenye benchi la bluu wakisema wamekuja kuangalia kama nimepumzika. Hapakuwa na ua hata moja la kupigia picha. Wakakaa tu, wakacheza na watoto wa paka.

Mstari wa kwanza wa mpango wako nimeupanda leo. Bila majivu.

Udongo mweupe sikutumii. Kwenye kitambaa kuna malimau na chumvi, utakula hayo. Na niambie ule mfuko uliotia kidole ulikuwa upi, wa nyuma au wa mbele? Niambie upesi, sijalala vizuri tangu nilipoisoma barua yako.

Bibi yako


11 Mei

Bibi yangu, Bibi yangu, Bibi wa mtoto wangu,

Shikamoo mara mbili, moja yangu na moja ya mtu asiyejua bado kusema!

Wa mbele! Ulikuwa mfuko wa mbele, wa kwenye nyanya! Mume wetu aliangalia kikaratasi nikiwa bado na povu mdomoni, akakaa sakafuni. Hata hivyo tulikwenda kliniki asubuhi yake, nikapimwa damu, na muuguzi akasema kila kitu ni salama. Akamtazama mwenzangu, "Wewe ndiye unayemwosha mkeo mdomo kwa sabuni?" Habari zimefika hadi kliniki, Bibi!

Na ule udongo wa mbele ameupima yeye mwenyewe, kisha akaupima tena, kisha akampa mwenzake aupime asije akawa amejipendelea. Ni safi. Umesikia? Mbele ni safi! Hiyo ndiyo sababu nilikataa kukuambia. Alikuwa anataka kujua kama chumba kilichopakwa chokaa kina uwanja wa kutambaa mbele yake. Ameomba kazini, na wamekubali ahamie kituo kidogo kilicho karibu na kwako, ambako kuna karakana kuukuu tele na udongo mwingi wa kunusa. Hatuhitaji kujenga ndipo tuishi na wewe. Nyuma ni pa alizeti, hata ikichukua miaka. Mtoto atakuwa anatambaa mbele huku nyuma panasafishwa, na siku atakayoanza shule labda atajua kung'oa mstari wake mwenyewe, na glavu zake ndogo.

Tulitaka kukuambia tukiwa tumekaa kwenye benchi la bluu, nimekuandalia mpaka maneno. Umetuharibia kila kitu kwa sababu ya ukuta uliotafuna zamani! Nilicheka, nikalia, nikacheka, mpaka fundi cherehani akapanda juu kuuliza sasa ni nini tena. Tukamwambia. Ameanza kushona kitu cha njano, anakataa kusema ni nini, ila nimeona vipande viwili vya mikono, midogo kama vidole gumba.

Mjomba ameleta magunia, yameshakwenda kwenye tanuri. Kabla hayajakwenda mume wetu alichukua jani moja akalipima. Bibi, lilikuwa na risasi! Majivu yako uliyakwangua vizuri. Alikimbia kutoka kazini na karatasi mkononi akipiga kelele barabarani, "Mke mkubwa ameiba risasi!" Watu wakampisha njia.

Na mpiga picha ametutumia ile picha. Maharusi wanatabasamu mbele, wazuri sana, na nyuma yao kabisa, kati ya maua mawili yaliyobaki, kuna kikongwe mwenye viatu vya mvua na kitambaa puani, ameinama, anavuta shina kwa mikono miwili, miguu imejikaza. Mume wetu ameitundika juu ya kitanda. Nikamwambia, "Unamtundika mke mwenzangu juu ya kitanda changu?" Akasema, "Huyo ndiye mkubwa."

Malimau nimekula. Chumvi pia. Hamu imepungua, sijui ni malimau au ni kujua kwamba unajua.

Basi fagia mbele, ufungue dirisha la chumba cheupe, umwambie paka kwamba kuna mtu anakuja kumvuta mkia. Mpe mpiga picha nafasi moja ya bure kwenye foleni yake, hata kama mstari mpya haujatoa ua bado. Tutapigwa picha na majani tu. Tutakuwa watatu kwenye benchi, lakini mwambie asogeze kamera, tunahitaji nafasi ya wanne. Tunakuja, Bibi, wote, na vikombe vyetu na chungu chenye lebo, kabla mwezi huu haujaisha.

Mke mdogo